Nani Anauliza? Somo la Kutafuta Kasoro kwa Mfano wa Kompyuta Inayodai Neno la Siri Kila Mara

Katika masomo ya ufundi yatolewayo vyuoni, mwanachuo hufundishwa vizuri namna ya kukitumia kifaa kinapokuwa kizima. Ni mara chache hufundishwa namna ya kukaa mbele ya kifaa kilichogoma na kukihoji mpaka kitoe sababu ya kugoma kwake. Upungufu huu hauonekani chuoni, maana chuoni yupo fundi, na fundi akiitwa huja. Huonekana katika mwaka wa kwanza wa kazi, mwalimu kijana anapopangiwa shule yenye kompyuta mbili tu, na fundi wa karibu yuko mjini, mwendo wa nusu siku kwa basi. Hapo kompyuta ikikorofisha mara mbili hutangazwa kuwa ni mbovu, hufunikwa kitambaa, na tangu siku hiyo huwa pambo katika ofisi ya mwalimu mkuu.

Makala haya yanakusudia kuonyesha jinsi kasoro moja ndogo inavyoweza kutumiwa kuwa kielelezo cha somo zima la kutafuta kasoro. Kasoro yenyewe ni hii. Kompyuta ya mezani inayoendeshwa na Linux, iliyowekwa katika maktaba ya chuo, huunganishwa kwa VPN na maktaba ya chuo kikuu kilicho mbali ili wanachuo wasome vitabu na majarida yake. Mtumiaji akitaka kuunganisha, dirisha dogo hutokea likimtaka aandike neno la siri. Huliandika. Dirisha hufunga, kisha hutokea tena. Huliandika tena, safari hii kwa kubonyeza vitufe kwa nguvu zaidi, kana kwamba mashine ni kiziwi. Dirisha hurudi.

Tumeichagua kasoro hii kwa sababu haihitaji bisibisi wala haina hatari ya umeme. Na zaidi kwa sababu ina vyanzo kadhaa visivyofanana, ambavyo vyote huvaa sura moja. Mgonjwa mwenye homa huenda ana malaria, huenda ana homa ya matumbo, huenda ana jipu. Mganga atakayempa kila mwenye homa dawa ile ile ataponya baadhi na kuwadhuru wengine. Ndivyo ilivyo hapa, na hilo ndilo mwanachuo analopaswa kuliona kwa macho yake mwenyewe.

Yampasayo mkufunzi kuyajua kwanza

Haiwezekani kufundisha kutafuta kasoro katika jambo ambalo mwalimu mwenyewe halifahamu muundo wake. Basi tuanze na VPN yenyewe. Intaneti ni barabara ya wote; anayepitisha mzigo wake humo hupita mbele ya macho ya wengi asiowajua. VPN huchimba handaki ndani ya barabara hiyo. Ujumbe hutiwa katika bahasha iliyofungwa, na bahasha hiyo hutiwa katika bahasha nyingine yenye anwani ya seva iliyo upande wa pili wa handaki; wapitao njiani huona bahasha ya nje tu. Programu moja inayotumika sana kwa kazi hii ni OpenVPN, ambayo James Yonan aliitoa mwaka 2001. Mtu anayetaka kuingia handakini hujitambulisha mlangoni kwa jina na neno la siri, na mara nyingi pia kwa cheti, ambacho ni faili maalumu lililotolewa na wenye seva.

Sasa tugeukie kompyuta ya mezani. Linux, ambayo Linus Torvalds aliianzisha mjini Helsinki mwaka 1991, hupatikana leo katika mikusanyo mingi. Ule unaojulikana zaidi kwa kompyuta za mezani ni Ubuntu. Katika Ubuntu, na katika mingi ya mikusanyo mingine, shughuli za mtandao zimekabidhiwa programu iitwayo NetworkManager, iliyoanzishwa na kampuni ya Red Hat mwaka 2004. Mkufunzi na aifikirie NetworkManager kuwa ni tarishi. Tarishi anajua njia ya kwenda kwenye lango la seva, lakini si lazima alijue neno la kuingilia. Akifika langoni na kuulizwa, hurudi kwa mwenye kompyuta kuuliza. Mwenye kompyuta aweza kumjibu kwa kinywa chake, yaani kwa kuandika katika dirisha. Au aweza kuwa alikwisha liweka neno hilo katika kasha, naye tarishi huenda kulichukua huko pasipo kumsumbua mtu.

Kasha hilo ni sehemu muhimu sana ya maelezo yetu, na ndilo walimu wengi wasilolijua. Katika Ubuntu hutunzwa na programu iitwayo GNOME Keyring. Hapa tutaliita kasha la funguo. Ndani yake hukaa maneno ya siri ambayo mtumiaji ameomba yahifadhiwe. Lakini kasha lenyewe pia limefungwa, na kifungua chake kwa kawaida ni neno lile lile ambalo mtumiaji huandika anapoingia katika kompyuta asubuhi. Anapoliandika, kompyuta hulitumia mara mbili kwa siri: kumruhusu aingie, na kulifungua kasha. Maadamu maneno hayo mawili yanafanana, mtumiaji hatajua kamwe kuwa ana kasha. Siku yatakapotofautiana ndipo atakapolijua, na atalijua kwa kero.

Nani anauliza?

Hapa ndipo penye kiini cha somo. Mtu akikuambia, "Kompyuta inaniuliza neno la siri," amesema jambo lisilo kamili, kama mtoto asemaye "wamenipiga" pasipo kusema nani. Katika kompyuta tuliyoieleza wapo waulizaji wanne, na madirisha yao yanafanana kwa ukubwa, kwa rangi na kwa kisanduku cha kuandikia.

Muulizaji wa kwanza ni tarishi, anayetaka neno la seva. Dirisha lake hutaja jina la muungano wa VPN. Wa pili ni mtunza kasha, anayetaka neno la kulifungulia kasha. Dirisha lake hueleza kwamba kasha la kuingilia halikufunguka mtumiaji alipoingia. Wa tatu hutokea pale ambapo cheti cha mtumiaji kina ufunguo wake uliofungwa kwa neno la siri jingine kabisa. Huyu huuliza neno la ufunguo, wala hajali neno la seva. Wa nne ni msimamizi wa kompyuta yenyewe. Mtu akijaribu kubadili mipangilio ya mtandao inayowahusu watumiaji wote, mfumo huweza kudai neno la siri la mwenye mamlaka juu ya mashine ile.

Waulizaji wanne, maneno manne, na mtu mmoja aliyechoka ambaye anaandika neno moja kwa wote. Ni dhahiri kwamba atakataliwa mara nyingi kuliko atakavyokubaliwa. Kibaya zaidi, seva nyingi zimewekewa ukomo: mtu akikosea mara kadhaa mfululizo akaunti yake hufungwa kwa muda, na kasoro iliyokuwa moja huwa mbili. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ya somo ni kusoma maandishi yaliyo juu ya kisanduku, kwa sauti, kabla ya kugusa kibodi. Wanachuo wataiona kanuni hii kuwa ya kitoto. Mkufunzi na asiiache kwa sababu hiyo. Mtu aliyezoea kuandika neno lake la siri katika dirisha lolote litakalotokea, iko siku atalitoa kwa dirisha lililowekwa na mwizi. Kumzoeza mwanachuo kuuliza "wewe ni nani?" kabla ya kujibu ni kumkinga, mbali na kumsaidia kutengeneza mashine.

Anauliza lini?

Swali la pili ni la wakati. Mkufunzi na awaagize wanachuo waandike saa ya kila dirisha linapotokea. Wakati pekee waweza kutenga vyanzo kuliko kipimo kingine chochote.

Dirisha la tarishi likirudi papo hapo, sekunde chache baada ya neno kuandikwa, maana yake kwa kawaida ni kwamba neno limefika langoni likakataliwa. Jambo hili laweza kuthibitishwa. Mfumo huandika daftari la matukio, na kwa amri ya journalctl -u NetworkManager mtu husoma yaliyoandikwa humo juu ya mtandao. Akiliona neno AUTH_FAILED, basi seva imekataa, na hakuna marekebisho ya kasha wala ya mipangilio yatakayosaidia. Atazame kama neno limekwisha muda wake, kama jina la mtumiaji limeandikwa kama wenye seva wanavyolitaka, na kama kitufe cha herufi kubwa kimewashwa. Tena atazame mpangilio wa kibodi. Katika mpangilio wa Marekani alama ya @ hupatikana kwa kubonyeza kitufe cha 2 pamoja na kile cha kupandisha. Katika mpangilio wa Uingereza vitufe hivyo hivyo hutoa alama ya kufungulia usemi, na @ imehamia karibu na kitufe cha kuingiza. Kwa kuwa kisanduku huficha herufi kwa vitone, mtumiaji mwenye @ katika neno lake atakosea mara mia moja na kuapa kuwa ameandika sawasawa. Dawa ni kuufungua ukurasa mtupu wa maandishi na kuijaribu alama ile peke yake mahali inapoonekana. Si kuliandika neno lote, kwa maana nyuma yake wapo watu.

Likitokea mara moja kila anapounganisha, na jibu likakubaliwa, hakuna aliyekataliwa. Tarishi hakupewa neno la kuhifadhi, basi.

Likitokea mara mtumiaji anapoingia asubuhi na likataja kasha, chanzo karibu sikuzote ni kimojawapo cha viwili. Huenda kompyuta imepangwa kumwingiza mtumiaji bila kumwuliza neno, au humwingiza kwa alama ya kidole; hapo hakuna neno lililoandikwa, kwa hiyo hakuna cha kulifungulia kasha. Au huenda neno la kuingilia lilibadilishwa na mtu mwingine. Mtumiaji akilibadili neno lake mwenyewe kwa njia ya kawaida, mfumo hulibadili na la kasha. Lakini akilisahau, na msimamizi akampa jipya, kasha hubaki na neno la zamani, kwa kuwa msimamizi hakulijua neno la zamani la kulifungulia. Mtumiaji akilikumbuka neno la zamani, alifungue kasha kwa programu ya Seahorse na kulipa neno jipya linalolingana na lile la kuingilia. Asipolikumbuka, yaliyomo hayaokoleki. Itambidi kuliondoa kasha lile na kuanza jipya, na maneno yote aliyoyahifadhi humo, ya VPN na ya mambo mengine, atayaandika upya. Aambiwe hivyo kabla ya kufanya, si baada.

Likitokea kila baada ya saa moja kamili wakati mtu yumo katikati ya kazi, chanzo ni kingine kabisa. OpenVPN hubadilisha funguo za handaki kila baada ya sekunde 3600 isipokuwa imepangwa vinginevyo, na wakati huo seva yaweza kutaka mtumiaji ajitambulishe upya. Kama neno halikuhifadhiwa popote, dirisha hutokea. Kama seva hutumia namba za mara moja, zile zinazotolewa na simu na ambazo kwa kawaida hubadilika kila baada ya sekunde 30, hata neno lililohifadhiwa halifai, maana limekwisha kuwa la kale. Marekebisho ya jambo hili yamo mikononi mwa wenye seva, na kazi ya mwalimu ni kuwaandikia barua yenye saa na dakika za matukio. Barua ya namna hiyo hujibiwa upesi kuliko ile isemayo "mtandao wenu unasumbua".

Namna ya kuhifadhi, na kama inafaa kuhifadhi

Penye mipangilio ya muungano wa VPN, kwenye ncha ya kulia ya kisanduku cha neno la siri, kuna alama ndogo ambayo wengi hawaioni. Ikibofywa huonyesha njia nne: kulihifadhi neno kwa ajili ya mtumiaji huyu peke yake, yaani katika kasha lake, kulihifadhi kwa watumiaji wote, kuliuliza kila mara, au kueleza kwamba neno halihitajiki. Anayependa amri aweza kuandika nmcli connection show akifuatisha jina la muungano, kisha atafute maneno password-flags. Hapo ataona tarakimu: 0 ni kuhifadhiwa katika mfumo wenyewe, 1 ni kasha la mtumiaji, 2 ni kuulizwa kila mara, na 4 ni kutohitajika. Wanachuo watauliza 3 imekwenda wapi. Haikupotea, tarakimu hizi ni nafasi za hesabu ya vipeo vya mbili, na 3 ingekuwa ni 1 na 2 kwa pamoja. Mkufunzi wa hisabati akiwa karibu, hili ni tunda la bure kwake.

Swali la ipi kati ya njia hizo ni bora halijibiwi na fundi peke yake. Njia ya 0 ina raha nyingi: kompyuta huunganisha hata kabla ya mtu kuingia, wala haiulizi tena. Lakini neno huandikwa kwa herufi wazi katika faili ambalo katika mikusanyo mingi huwa chini ya /etc/NetworkManager/system-connections. Faili hilo husomwa na msimamizi wa mfumo tu, ila yeyote aliye na mamlaka hayo, au anayeweza kuiwasha mashine kwa kifaa chake cha nje na kuisoma diski isiyofumbwa, atalisoma neno kama asomavyo gazeti. Njia ya 1 inafaa kwa kompyuta ya mtu mmoja. Na kwa kompyuta ya maktaba tuliyoanza nayo, inayokaliwa na wanachuo thelathini kwa zamu na kwa akaunti moja ya kuingilia, njia inayofaa ni ya 2, ile ile wanayoilalamikia.

Jambo hili lisemwe wazi darasani, kwa kuwa ndilo gumu kulikubali. Yako malalamiko ambayo uchunguzi wake huishia kwa kusema kwamba kifaa hakina kasoro. Mlango unaodai ufunguo kila mara haukuharibika. Mwanachuo akihifadhi neno lake katika kompyuta ya wote, wenzake watasoma kwa jina lake, na likitendeka kosa katika maktaba ya chuo kikuu litaandikwa kwa jina hilo hilo. Hata historia inakubaliana nasi hapa. Maneno ya siri yaliingia katika kompyuta katika chuo cha MIT huko Marekani, katika mfumo ulioongozwa na Fernando Corbató na kuonyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1961, na sababu ilikuwa kwamba mashine moja ilitumiwa na watu wengi, kila mmoja akiwa na mafaili yake. Mfumo huo huo ndio uliotoa fundisho la mapema juu ya hatari ya kuyahifadhi: mwaka 1966, kwa hitilafu ya programu, faili la maneno ya siri lilibadilishana nafasi na tangazo la siku, na kila aliyeingia akaonyeshwa maneno ya wenzake wote.

Wapo watakaopendekeza njia ya tano, nayo ni kuliandika neno katika karatasi na kuibandika pembeni mwa skrini. Sina haja ya kuijadili.

Kuliendesha somo

Vipindi viwili vya dakika 40 vinatosha. Siku moja kabla, mkufunzi atengeneze akaunti za majaribio ambazo maneno yake ya siri hayana thamani yoyote, kisha apande kasoro kwa makusudi. Akaunti moja aipange iulize kila mara. Ya pili, ambayo neno lake la VPN limekwisha hifadhiwa katika kasha, aibadilishie neno la kuingilia kwa mamlaka ya msimamizi, ili kasha libaki nyuma. Ya tatu aipe mpangilio wa kibodi usiolingana na vitufe na neno lenye @. Ya nne aombe wenye seva waifungie. Hilo la mwisho likishindikana, neno lisilo sahihi lililohifadhiwa litaleta sura ile ile.

Wanachuo wakae watatu watatu. Mmoja ashike kibodi, wa pili asome kwa sauti yaliyoandikwa dirishani, wa tatu aandike daftarini: saa, maneno ya dirisha, kilichofanywa, kilichotokea. Neno la siri lenyewe lisiandikwe kamwe katika daftari hilo. Zipo amri mbili tu. Kwanza, kundi haliruhusiwi kugusa mpangilio wowote mpaka limetaja nani anauliza na anauliza lini. Pili, hubadilishwa kitu kimoja kwa wakati mmoja, kisha hupimwa. Mkufunzi atakuta kwamba amri ya pili huvunjwa na wanachuo hodari zaidi. Hawa hubadilisha mambo matatu kwa pamoja, mashine hukubali, nao hushangilia. Awaulize ni lipi kati ya matatu lililotibu. Wasipoweza kujibu, arudishe kasoro na waanze upya, hata kama kengele inakaribia kulia.

Kama chuo kina kompyuta moja tu, madirisha yachorwe ubaoni na mkufunzi awe ndiye mashine: kundi linasema litakalofanya, naye anachora dirisha linalofuata. Njia hii ina faida moja isiyopatikana kwenye mashine, nayo ni kwamba haiwezekani kubonyeza ovyo.

Darasani kwa watoto

Mwanachuo atakayekwenda mazoezi ya kufundisha aweza kulipeleka somo hili darasa la tano au la sita pasipo kompyuta yoyote. Achague watoto wanne. Mmoja ni mlinzi wa lango, amesimama mlangoni. Wa pili ni tarishi. Wa tatu ni mwenye barua, amekaa mbele. Wa nne ni mtunza kasha, mwenye boksi la chaki lililofungwa kwa kamba. Mwalimu humnong'oneza kila mmoja maagizo yake, darasa lisisikie. Safari moja mwenye barua hakumpa tarishi neno. Safari nyingine neno limo katika boksi lakini mtunza kasha amepewa kifungua kipya ambacho mwenye barua hakijui. Safari nyingine mlinzi amebadilishiwa neno lake. Kwa macho ya darasa, mara zote jambo ni moja: tarishi anakwenda, anarudi, na kumwambia mwenye barua, "Neno la siri, tafadhali."

Kazi ya darasa ni kuwauliza wanne hawa maswali ya kujibiwa ndiyo au siyo, mpaka wajue palipokwama. Mazungumzo huweza kwenda hivi:

"Tarishi, ulifika langoni?"

"Ndiyo."

"Ulikuwa na neno mkononi?"

"Ndiyo."

"Mlinzi, alikuambia neno?"

"Ndiyo."

"Ni lile ulilopewa wewe?"

"Siyo."

Mtoto aliyeuliza swali la mwisho amefanya kazi ile ile aifanyayo fundi anaposoma daftari la matukio. Mwalimu amwambie hivyo, tena mbele ya wenzake. Mwanzoni watoto watarusha maswali ya kubahatisha, na kila mmoja atataka kuwa wa kwanza kumtaja mkosaji. Mwalimu ahesabu maswali ubaoni kwa vistari, na kundi litakalopata kwa vistari vichache ndilo lishangiliwe. Baada ya raundi tatu au nne wataanza wenyewe kuuliza swali linaloigawa njia katikati: "Tarishi, ulifika langoni?" Likijibiwa ndiyo, mambo yote ya kabla ya lango yameondoka kwa mara moja. Likijibiwa siyo, mlinzi hana hatia. Swali hili lisifundishwe mapema. Lisubiriwe litoke kwa watoto.

Tahadhari moja. Watoto wapewe maneno ya mchezo kama "embe" au "mnazi", na mwalimu akatae kwa upole mtoto atakayejitolea kutaja neno la siri la simu ya mama yake. Yupo mmoja katika kila darasa.

Mazoezi kwa wanachuo

Soma malalamiko yafuatayo. Kwa kila moja, taja muulizaji, eleza ni kipimo gani kimoja ungekifanya kwanza, na useme ni nini usingekigusa.

1. "Nilisahau neno la kuingilia, nikapewa jipya na msimamizi siku ya Jumatatu. Tangu Jumanne kompyuta inaniuliza neno mara mbili: nikiingia, na tena dakika moja baadaye."

2. "Nyumbani VPN inakubali. Hapa chuoni, kwa kompyuta nyingine, jina lile lile na neno lile lile vinakataliwa papo hapo. Neno langu lina herufi, tarakimu na alama moja."

3. "Nilikuwa nasoma tangu saa tatu na dakika kumi. Dirisha lilitokea saa nne na dakika kumi, na tena saa tano na dakika kumi. Mara zote nilipoandika neno lilikubaliwa."

4. "Nilipochagua neno lihifadhiwe kwa watumiaji wote, likatokea dirisha jingine. Nimeandika neno la VPN mara nne na linakataa." Katika jibu lako, eleza pia kama ungemsaidia mwalimu huyu kukamilisha alichokusudia, ukijua kwamba kompyuta hiyo imo katika chumba cha walimu na hutumiwa na watu kumi na mmoja.